Shokapu Inayojua Kiasi

Shokapu ya gari ina kazi mbili zinazogombana: kumtuliza abiria, na kuhakikisha tairi haliachi barabara. Ikiwa laini, mashimo hayasumbui sana lakini gari huyumba kwenye kona. Ikiwa ngumu, gari hushika barabara vizuri lakini kila kokoto hufika mgongoni. Kwa shokapu ya kawaida, kiwanda huchagua ugumu mmoja, na dereva huishi nao hadi shokapu inapokufa.

Shokapu badilifu hubadilisha ugumu huo gari likiwa mwendoni. Katika aina moja, mafuta yake yana chembechembe za chuma. Umeme ukipita kwenye koili ya pistoni, sumaku huzipanga chembe hizo na mafuta hukaza ndani ya milisekunde chache; umeme ukikatwa, hulegea. Cadillac Seville STS, toleo la 2002, ndilo lililotangulia kuuzwa na shokapu za aina hiyo.

Je, kompyuta inayoongoza umeme huo ikaze lini? Mwaka 1974 Dean Karnopp na wenzake, huko Marekani, walitoa kanuni. Bodi ya gari ikipanda huku shokapu ikirefuka, kaza, kwa sababu hapo shokapu inaivuta bodi chini. Bodi ikipanda huku shokapu ikifupika, legeza, la sivyo tairi litazidi kuisukuma juu. Tatizo ni kwamba kukaza na kulegeza ghafla, kama swichi, nako huleta mshtuko.

Kwa hiyo swali la pili ni kiasi gani, na hapa ndipo mantiki ya fazi inapofaa. Lotfi Zadeh wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alieleza msingi wake mwaka 1965: kitu kinaweza kuwa ndani ya kundi kwa kiwango chochote kati ya 0 na 1. Miaka ya 1970 Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa Tanzania aliyefundisha Queen Mary College, London, pamoja na mwanafunzi wake Sedrak Assilian, waliitumia mantiki hiyo kuongoza injini ndogo ya mvuke kwa kanuni za maneno.

Tuchukue mfano. Shokapu inarefuka, bodi inapanda. Kanuni ya kwanza: ikipanda polepole, kaza asilimia 40. Ya pili: ikipanda haraka, kaza asilimia 80. Vihisi vikionyesha mwendo ambao ni "polepole" kwa 0.75 na "haraka" kwa 0.25, kila kanuni hupewa uzito wake, na jibu ni asilimia 50. Mwendo ukiongezeka kidogo, ugumu nao huongezeka kidogo.

Mipaka ya "polepole" na "haraka" huwekwa na mhandisi kwa majaribio, na anaweza kukosea. Hata hivyo, shokapu hii hufyonza tu nishati ya mtikisiko, haiongezi. Kanuni zikipangwa vibaya, abiria atachoka. Umeme ukikatika, itabaki shokapu laini ya kawaida.