Chakula cha Mama Mjamzito Mwenye Kisukari



Baadhi ya wanawake hupatwa na kisukari wakati wa ujauzito. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini, na sukari ikazidi katika damu. Isipodhibitiwa, mtoto huweza kukua kupita kiasi tumboni na uzazi ukawa mgumu. Kipimo hufanywa hasa kati ya wiki ya 24 na ya 28.

Wako wanaodhani dawa yake ni kumnyima mama chakula. Sivyo. Na ale milo mitatu ya kiasi, na kati yake karanga kidogo au mtindi. Nusu ya sahani iwe mboga, kama mchicha au matembele. Robo iwe maharage, samaki au mayai. Robo iliyobaki iwe ugali wa dona au ndizi za kupika. Chai anywe bila sukari, na soda aiache. Baada ya kula atembee kidogo. Akipewa insulini, asiiache kwa kutegemea chakula peke yake.

Hapa ndipo wajibu wetu ulipo. Msimu wa mauzo, nyumba nyingine huuza maharage na mayai yote, zikabaki na mahindi matupu. Sahani hiyo itajazwa na nini? Basi, kabla ya kupeleka mazao chamani, mwanachama atenge akiba ya kumtosha mama hadi ajifungue. Wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, mama apimwe tena.