Sanduku la barua la shaba: linauzika, ila sio kwa jina hilo

Siku hizi zinapita sana mtandaoni picha za yale masanduku ya barua ya shaba, ya kufunga ukutani pembeni ya mlango, yamegongwa kwa nyundo mpaka yana alama alama za mkono wa fundi. Bei zake ukiziona unahisi umesoma vibaya. Na swali la wauzaji wenzangu wa huku Haydom, Mbulu mjini na Katesh ni moja: hii kitu si tunaweza kuitengeneza wenyewe tukaiuza?

Kuitengeneza tunaweza. Fundi anayekunja matranka ya wanafunzi wa bweni, ule msimu wa Januari, kazi yote ya sanduku la barua anayo mkononi tayari: kupima, kukata kwa mkasi wa bati, kukunja kingo, kupiga ribiti, kuweka bawaba na pahala pa kufuli. Shida ipo kwenye kuuza, na inaanzia kwenye jina.

Kwetu barua haiji mlangoni. Inaishia ofisi ya Posta kwenye S.L.P., na wengi wetu vijijini hata hiyo S.L.P. sio yetu, tunaandikiwa kupitia ya shule, ya parokia au ya usharika. Bili ya umeme hakuna, tuna LUKU. Bili ya maji inakuja kwa meseji. Sasa ukiposti "Sanduku la barua, pure shaba, 200,000", mtu wa Katesh atalaiki, atasema zuri, halafu atajiuliza aweke nini humo ndani. Atapita. Ukipunguza bei ifike 180,000 bado hana cha kuweka.

Angalia basi ni kitu gani kwetu kina tundu la kutumbukiza karatasi na kinafungwa ukutani na kufuli. Sanduku la maoni! Lipo zahanati, lipo shuleni, lipo kwenye ofisi ya kata, lipo mapokezi ya hoteli, na mara nyingi ni boksi la mbao au la vioo vya alminiamu limechoka. Ni sanduku lile lile, vipimo vile vile. Mwenye lodge za njia ya Ziwa Eyasi au Karatu, ambaye wageni wake wamekuja hadi huku kuona vitu vya mkono, hatashangaa bei ya shaba kama anavyoshangaa jirani yako. Halafu kuna kanisa, sanduku la bahasha za sadaka. Kuna mtu aliyejenga nyumba nzuri ambaye hayupo siku nzima na anataka kadi za michango ya harusi na barua za mtendaji zisichomekwe getini zikanyeshewa.

Na kuna namba ya nyumba. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti, serikali ilipitisha zoezi la anwani za makazi nchi nzima: nyumba zikapewa namba, barabara zikapewa majina, na kila kata ina postikodi yake ya tarakimu 5. Mtu mwenye nyumba ana namba sasa, wengine wameiandika kwa rangi ukutani. Sanduku lenye namba ya nyumba na jina la barabara vilivyogongwa kwenye shaba ni kitu kingine kabisa machoni kwa mteja. Hapo unamuuzia namba yake, boksi linakuja nayo. Mimi ningeweka picha ya namba kwanza, tundu la barua picha ya pili.

Kama unalenga wateja wa nje, huko jina la sanduku la barua linabaki maana mtu wa posta anafika mlangoni kweli. Ila vipimo ndio vinaamua. Ulaya wana kiwango kinaitwa EN 13724, na bahasha wanayoipimia ni C4, sentimita 22.9 kwa 32.4, iingie bila kukunjwa. Tundu la sentimita 20 huko ni malalamiko. Hata kwa soko la nyumbani tengeneza linalomeza bahasha ya A4, kwa sababu barua za ofisi ndizo hizo.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe, na hapa naomba usome taratibu maana ndipo pesa na heshima yako vinapotea.

Neno "shaba" kwa Kiswahili chetu linabeba vitu viwili. Kuna shaba nyekundu, wauza skrepa wanaita kopa. Kuna shaba ya njano, wao wanaita brasi, ambayo ni kopa iliyochanganywa na zinki. Koki za maji na kufuli za zamani nyingi ni brasi. Bangili unazoona kwenye mnada wa Katesh, zile zinazotoka kwa wahunzi wa Kidatoga, nyingine ni nyekundu na nyingine ni njano, na wote tunasema shaba. Mnadani hakuna tatizo, mteja anashika mwenyewe. Mtandaoni mteja ameona picha tu. Akitegemea nyekundu akapokea njano, kwake umemtapeli hata kama Kiswahili chako kilikuwa sahihi. Andika "shaba nyekundu" au "shaba ya njano", usiandike shaba peke yake.

Kuna na kundi la tatu: chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya shaba au kupitishwa shaba nyembamba juu. Hicho ndicho kinachouzwa bei ya chini na kukuharibia soko. Usishindane nacho kwa bei. Weka sumaku. Shaba halisi, nyekundu au njano, haishiki sumaku. Video ya sekunde kumi ya sumaku ikiteleza kwenye sanduku lako inafanya kazi kuliko kapsheni ndefu. Ila useme ukweli mzima, sumaku inamkamata chuma tu, alminiamu nayo haishiki.

Hiyo ya alminiamu unaimaliza na mizani. Chukua sanduku la upana sentimita 25, urefu 35, kina 10. Ukijumlisha pande zote pamoja na mfuniko uliozidi kidogo mbele kumwaga maji, unapata kama sentimita za mraba 3,050. Kwa shiti ya milimita 0.7, shaba yake inatoka karibu kilo 1.9, kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya shaba ina gramu 8.96. La alminiamu la saizi hiyo hiyo halifiki hata gramu 600. Piga picha sanduku likiwa juu ya mzani wa dukani, namba ionekane. Wewe unayeuza sukari mzani unao.

Kilo hizo ndizo zinazopanga bei pia. Shaba bei yake inapangwa kwa dola kwenye soko la London, na mwezi Mei 2024 tani ilipita dola 10,000, maana yake zaidi ya dola 10 kwa kilo kabla hata haijawa shiti. Malori ya shaba ya Zambia na Kongo yanapita kwetu kila siku kwenda bandari ya Dar, lakini hayatushushii bei. Tufanye mfano, wewe weka namba zako. Tuseme shiti umepata kwa 50,000 kilo. Vipande vinavyobaki navyo umevilipia, kwa hiyo hesabu kilo 2.3: hiyo ni 115,000. Fundi siku mbili kwa 25,000, unaongeza 50,000. Ribiti, kitasa na skrubu 12,000. Boksi na sponji 5,000. Upo 182,000 na hujalipa bando, wala hujaweka lile moja kati ya kumi litakaloharibika kwa fundi. Mtu akikwambia "boss fanya 150 nichukue mawili", anakuomba umlipe yeye.

Njia ya mkato ambayo watu wanaikimbilia ni skrepa. Hapa nitasema wazi. Waya wa ethi wa TANESCO, koili za transfoma, nyaya za simu, vyote hivyo ni shaba na vinaibiwa. Kesi za kuhujumu miundombinu zinaenda kama uhujumu uchumi, na anayekutwa na mali naye anaulizwa ameitoa wapi. Akija kijana saa moja jioni na kilo nane za waya umechomwa moto plastiki yake, mweusi, umekatwa vipande vipande, bei nusu, huyo hajakuletea faida. Nunua kwa mtu anayejulikana: fundi friji mwenye mabomba ya zamani, fundi wa kusuka mota, dila wa skrepa mwenye kibali. Chukua risiti, na kama hana, andikishaneni jina, namba ya simu na uzito. Na kwa sanduku hasa, skrepa haikusaidii sana. Waya ukiyeyushwa, kwenye nyuzi joto 1,085, unakupa donge. Kulifanya donge hilo liwe shiti nyembamba iliyo sawa kwa nyundo ni kazi ya wiki. Wahunzi wa Kidatoga kule Eyasi, na mivukuto yao ya ngozi ya mbuzi, wanamimina bangili na vitu vidogo, na kwa hivyo ni mabingwa. Kwao agiza vishikio, namba za nyumba, vipambo vya mfuniko. Boksi lipe fundi matranka, na shiti inunue mpya Arusha.

Halafu usiandike "limetengenezwa na Wadatoga" kama walichofanya wao ni kishikio. Andika kishikio ni cha mhunzi wa Kidatoga, boksi ni la fundi wa Haydom. Inapendeza zaidi hivyo, kwa maoni yangu.

Kama fundi wako hajawahi kushika shaba mwambie mambo mawili. La kwanza, shaba ikigongwa inakuwa ngumu na mwisho inapasuka kwenye kona, kwa hiyo kila baada ya muda aipashe mpaka ianze kuwa nyekundu kisha aipoe. Akiitumbukiza kwenye maji haiwi ngumu kama chuma, inabaki laini. La pili, asifunge kwa ribiti za alminiamu wala skrubu za zinki. Shaba ikikutana na hivyo na maji ya mvua, vinaliwa, na sanduku linadondoka ukutani. Ribiti za shaba, skrubu za brasi.

Rangi itabadilika, na mteja asipoambiwa mapema atarudi na maneno. Ile nyekundu ya kung'aa inakuwa kahawia ndani ya miezi, na penye mvua nyingi baada ya miaka inaelekea kijani. Ule ukijani sio sanduku kuoza, unalinda shaba ya chini. Ila ukuta mweupe wa chokaa utapata michirizi, kwa hiyo bora lifungwe chini ya baraza. Anayetaka king'ae milele atumie limao na chumvi, asuuze, akaushe. Wengine wanapaka vanishi. Mimi siipendi, ikianza kubanduka inaacha mabaka, lakini mteja akitaka mpe na umwambie.

Picha piga asubuhi kivulini, shaba inarudisha jua lote kwenye simu. Chomeka bahasha ya A4 kwenye tundu mtu aone saizi.

Kwenye kusafirisha, mzigo wa nje kampuni za vifurushi hazipimi kilo tu. Wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita halafu wanagawa kwa 5,000. Boksi la 40 kwa 30 kwa 16 linakuwa kilo 3.84 hata kama mzani unasema 2.5, na unalipia ile kubwa. Kwa hiyo kata boksi likae karibu na bidhaa, na uliza bei Posta pia kwa EMS kabla hujamtajia mteja. Kwa ndani ya nchi, basi la Arusha au Dar linatosha: andika jina na simu pande mbili, piga picha risiti ya mzigo pamoja na namba ya basi, mtumie mteja hapo hapo. Mteja wa mjini muombe namba ya nyumba, jina la barabara na postikodi. Kama hazijui, programu ya NaPA itamuonyesha, na ndizo utakazompa fundi azigonge kwenye mfuniko. Mwambie mteja azithibitishe kwa maandishi kabla fundi hajashika nyundo, namba ikishagongwa kwenye shaba haifutiki. Ndani ya boksi weka skrubu nne za brasi, plagi zake, na karatasi ya maelezo ya kufunga na kusafisha.