Alinipa mzani wake bure, nikafurahi

Leo siongelei picha za bidhaa wala yule mteja anayeuliza "bei gani" halafu anapotea. Leo naongelea mzani.

Mimi niko Kibiti, nauza kamba wakavu na kaa kwa WhatsApp. Wateja wangu wengi wako Mbagala na Temeke. Mzigo natoa delta ya Rufiji, unakuja kwa boti mpaka Nyamisati, mimi naupokea hapo. Kule delta kuna kaka mmoja ndiye alikuwa ananikusanyia kutoka kwa wavuvi. Miaka minne tumefanya kazi, hajawahi kunizungusha hata siku moja. Kaniruhusu nisimulie haya, ila jina na kijiji kasema niache.

Mwaka 2024, miezi michache baada ya yale mafuriko, akanipigia Jumapili jioni. Sauti imetulia kabisa. "Dada, nimekuwekea mzani wangu kwenye boti, kesho uupokee. Usinilipe." Ni mzani mzuri, ule wa betri. Halafu akaanza kunitumia namba za wavuvi wake wote, mmoja baada ya mwingine, na akaniambia nani mkweli na nani huwa analowesha kamba ili wazidi uzito. Mwisho akanitumia shilingi 3,500 niliyokuwa namdai ya gunia, ambayo mimi nilishaisahau.

Nisiwadanganye, nilifurahi. Nikachukua kalamu nikaanza kupiga hesabu: sasa nanunua kwa mvuvi moja kwa moja, kila kilo naokoa kiasi gani. Nikamwonyesha mume wangu. Akaangalia lile daftari, akaniuliza, "Sasa yeye atapimia nini?"

Sikuwa na jibu. Nikampigia, hapatikani. Kule mtandao unasumbua, hilo ni la kawaida, lakini usiku ule tumbo lilikataa kutulia. Nikafungua zile namba alizonitumia, nikampigia mvuvi mmoja ninayemfahamu kidogo. Nikamwambia, "Baba, tafadhali nenda kwake sasa hivi, hata kama amelala. Kaa naye, usimwache peke yake mpaka nifike." Yule mzee hakuuliza maswali. Akaenda, wakakaa wote mpaka kunakucha.

Nilipofika nikamuuliza waziwazi. Nilikuwa naogopa, nadhani hata mikono ilikuwa inatetemeka. "Kaka, unafikiria kujiua?" Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Ndiyo, dada." Akalia, na sisi tukalia.

Wengi tunaogopa kuuliza hivyo tukidhani tutampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wa afya ya akili wanasema si kweli. Mtu akiulizwa kwa upole hapandikizwi wazo, anapata mlango wa kusema. Kaka yangu yule aliniambia baadaye kwamba alikuwa anasubiri hata mtu mmoja amuulize.

Sasa tuje kwenye kilichomfikisha hapo, maana kinatuhusu sisi wafanyabiashara moja kwa moja. Aprili 2024 maji ya Mto Rufiji yalifurika Rufiji na Kibiti, mashamba yakazama, familia zikahama. Yeye alikuwa na shamba la mpunga, likaenda lote. Ili aendelee kununua kamba akakopa kausha damu, marejesho kila wiki. Wiki iliposhindikana akakopa kwenye programu ya simu alipe kausha damu, halafu programu nyingine ailipe ile ya kwanza. Mnaujua mchezo huu. Wakaanza kuwatumia watu wote waliomo kwenye simu yake ujumbe wa kumdhalilisha. Mimi mwenyewe niliupata: "Mwambie ndugu yako alipe deni." Nikaufuta. Nikaona aibu kwa niaba yake, nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu yeye alijua kwamba nimeupata, na ukimya wangu akausoma kivyake.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Kwa hiyo kabla hujakopa, uliza leseni. Na kama umeshakopa na wanakutukana kwa watu wako, jua kwamba aibu ni ya kwao. Deni linaongeleka, linapangika, hata likichukua miaka.

Mimi si daktari, mimi nauza kamba. Lakini nimejifunza kwamba huu ugonjwa una jina, unaitwa sonona, na kwa Kiswahili cha huku kwetu watu wanasema tu "ana mawazo". Mtu anakuwa na huzuni au anakosa hamu ya kila kitu, wiki mbili na zaidi, usingizi haupo au analala mchana kutwa, chakula hakishuki, anajiona hana thamani. Kwetu sisi wa mtandaoni unaona mapema kuliko ndugu zake: aliyekuwa anapandisha status alfajiri kila siku kanyamaza, oda anazisoma hajibu, au anauza vyote kwa bei ya kutupa na hasemi anaagiza nini kipya. Na likija lile la kugawa vitendea kazi, kukabidhi wateja na kulipa vijideni vya zamani huku katulia ghafla, usisubiri asubuhi. Huyo huenda anafunga hesabu.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani. Kwa hiyo si laana ya ukoo fulani. Ndugu zake walisema ni jini. Wakamsomea kisomo, na mimi sikuwapinga, nilikaa hapo hapo nikaitikia dua. Nilichoomba ni kwamba na hospitali twende. Mjomba wake akakataa, eti atakamatwa. Ni kweli Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu hiyo inawaficha wengi ndani. Wenzetu Kenya, Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Lakini hata kwetu, kuwa na mawazo hayo na kumwambia daktari si kosa. Kumbe mjomba alikuwa halijui hilo. Tukaenda kituo cha afya, wakatuandikia rufaa, akapewa dawa na mtu wa kuongea naye. Haikuwa siku mbili. Wiki za mwanzo alikuwa anasema dawa hazifanyi kitu.

Watu wa huku kunyamaza tumekuzoea. Kati ya 2015 na 2017 tuliona viongozi wa vijiji na askari wakiuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Aprili 2017 askari wanane waliuawa siku moja. Miaka ile aliyefunga mdomo ndiye aliyeonekana ana akili. Hofu ikaisha, midomo mingine haikufunguka tena. Halafu yakaja maji.

Zimbabwe kuna daktari anaitwa Dixon Chibanda. Tangu 2006 amekuwa akiwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza watu wenye mawazo mengi, na utafiti ulionyesha kwamba inasaidia. Zanzibar nao wameuchukua mpango huo. Nikasema, sisi benchi letu ni grupu la WhatsApp. Kwenye grupu letu la wauzaji tukakubaliana watu wawili wawili: mwenzako akikaa kimya siku tatu, unampigia, humtumii ujumbe. Ukisikia hayuko sawa, unamfuata au unamtuma aliye karibu, mnaondoa nyumbani chochote anachoweza kujidhuru nacho, mnampeleka zahanati au hospitali. Kama ni mtoto, kuna namba 116 ya bure. Na kama ni wewe unayesoma hapa, mwambie mtu mmoja leo, kabla hujalala.

Madeni yake tuliyaandika yote kwenye karatasi moja. Yalikuwa madogo kuliko alivyoyabeba kichwani. Wavuvi wawili wakakubali kumpa mzigo alipe akiuza.

Mzani ulikaa kwangu chini ya kitanda, sikuutumia. Mwezi wa pili mwaka uliofuata akanipigia. "Dada, ule mzani wangu bado unao? Nauhitaji." Nikaupeleka Nyamisati siku hiyohiyo. Jioni akapiga tena kulalamika kwamba nimemrudishia betri zimekwisha.