Barua Tupu Zinawafungia Vijana Wetu Milango

Panapozungumzwa mambo yanayowanyima vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe nafasi za masomo ya juu, umaskini hutajwa kwanza, na si makosa kuutaja. Hata hivyo, kipo kizuizi kingine ambacho hakihitaji fedha kukiondoa, nacho ni barua. Ninakusudia barua mbili: ile ambayo mwanafunzi hujieleza, na ile ambayo mwalimu wake humpendekeza. Nitalitazama suala hili kwa kurejelea taaluma moja inayoweza kuwafaa mno vijana wetu walio hodari katika hisabati, yaani uhandisi wa fedha.

Huenda msomaji akauliza: je, fedha nazo zina mhandisi? Naam, zinaye. Mhandisi wa daraja hupima uzito ambao daraja litaubeba kabla ya kulijenga. Mhandisi wa fedha hupima hasara inayoweza kutokea kesho, akaunda mkataba wa kuipunguza leo. Mfano wake hauko mbali. Malori ya chai kutoka bara hupitia Changamwe yakielekea maghalani. Chai hiyo, pamoja na ya Uganda na Rwanda, huuzwa katika mnada uliohamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, na bei yake hutajwa kwa dola, ilhali mkulima wetu hulipwa kwa shilingi. Mnamo Januari 2024 dola moja ilifikia takriban shilingi 160. Katikati ya mwaka uo huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Chukua kilo moja ya chai iliyouzwa kwa dola 2. Mwezi wa Januari ingeleta shilingi 320. Miezi sita baadaye, shilingi 258. Shilingi 62 zimetoweka, na jani ni lile lile, mchumaji ni yule yule.

Sasa tuseme kampuni ya chai inataka kununua haki ya kuuza dola zake kwa shilingi 150 baada ya miezi sita, bila ya kulazimika kufanya hivyo iwapo soko litakuwa na bei bora zaidi. Haki hiyo ina thamani gani leo? Mnamo mwaka 1973 Fischer Black na Myron Scholes walichapisha kanuni ya kukadiria bei ya haki kama hiyo katika soko la hisa, na Robert Merton akaipanua. Scholes na Merton walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1997. Black alikuwa amefariki mwaka 1995. Wala elimu hii si ya ng'ambo pekee. Soko la Hisa la Nairobi lilianzisha biashara ya mikataba ya siku za usoni mnamo Julai 2019.

Milango ya kuingilia ipo, na si yote yenye bei ya kutisha. Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi na kile cha Cape Town hufundisha hisabati ya fedha katika kiwango cha uzamili. Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2003 na kufungua kituo Rwanda mwaka 2016, hugharimia masomo na makazi ya wanafunzi wake wa uzamili katika hisabati, na shahada hiyo ni ngazi nzuri ya kupandia. WorldQuant University, iliyoanzishwa mwaka 2015, hufundisha uhandisi wa fedha kwa njia ya intaneti bila ya karo, mradi mwombaji ana shahada ya kwanza na afaulu mtihani wa hesabu. Huko Marekani ada ya maombi peke yake hupita dola 100 katika baadhi ya vyuo, lakini vipo vinavyomsamehe mwombaji akiomba msamaha huo mapema. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Vyuo hivi huangalia kwanza matokeo ya kalkulasi, aljebra, hisabati ya uwezekano, takwimu na uandishi wa programu za kompyuta. Kwa hivyo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor, au wa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, huanza kuomba nafasi hiyo siku anapochagua masomo yake ya mwaka wa pili. Anayeyakimbia masomo magumu ili apate alama za starehe amejifungia mlango kabla ya kuubisha.

Lakini tuseme alama anazo. Hapo ndipo barua zinapoingia, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Barua za mapendekezo tunazoziandika aghalabu hufanana kama mapacha: ninamfahamu mwanafunzi huyu kwa miaka minne, ni mwenye bidii, adabu na heshima, hana rekodi ya utovu wa nidhamu, ninampendekeza bila ya shaka yoyote. Mwalimu hutia sahihi akiamini kwamba amemsifu mwanawe, na kwa mizani ya jamii yetu amemsifu kwelikweli, kwani Mswahili humpima mtu kwa adabu kabla ya kumpima kwa elimu.

Mwanafalsafa H. P. Grice, ambaye kila mwanafunzi wa isimu humsoma, alilieleza jambo hili katika insha yake iliyochapishwa mwaka 1975. Alitoa mfano wa mwalimu aliyeombwa barua kuhusu mwanafunzi anayetafuta kazi ya falsafa, naye akaandika tu kwamba kijana huyo anaijua lugha vizuri na huhudhuria masomo. Hakusema neno baya hata moja. Lakini msomaji wa barua hufahamu mara moja kwamba falsafa haimo, kwa kuwa lililopaswa kusemwa limenyamaziwa. Ndivyo zisomwavyo barua zetu. Kamati inayotafuta mwanahisabati ikikutana na adabu na heshima pasipo hisabati, hudhani mwalimu amekosa la kusema. Kijana hukataliwa kwa sifa alizopewa kwa nia njema, na wala hatajua kilichomponza, maana barua yenyewe hupelekwa kwa siri.

Dawa yake ni kusema mambo yanayoweza kupimwa. Mwalimu aeleze kwamba katika somo la uwezekano mwanafunzi alikuwa wa pili kati ya 64. Kwamba aligundua pengo katika uthibitisho ulioandikwa ubaoni akaliziba mwenyewe. Kwamba mradi wake ulihusu jambo fulani na ukafikia tamati fulani. Adabu na itajwe, lakini ifuate nyuma. Kadhalika tuiache desturi ya kumwambia mwanafunzi ajiandikie barua ili sisi tuje kutia sahihi. Kufanya hivyo ni kukwepa wajibu, na pia ni udanganyifu. Mwanafunzi naye amsaidie mwalimu: amfikie wiki sita kabla ya siku ya mwisho, si usiku wa kuamkia siku hiyo, akiwa na matokeo yake, muhtasari wa mradi wake na maelezo ya kozi anayoiomba.

Ama barua ya mwanafunzi mwenyewe, nyingi huanza na ndoto za utotoni na kuishia kwenye shida za nyumbani. Shida ni za kweli, lakini kamati inataka kuona akili ikifanya kazi. Kijana wa Kisauni ana hazina ya mifano. Na aandike kuhusu chama cha akina mama kumi wanaochanga shilingi 1,000 kila mmoja kwa mwezi. Anayepokea kwanza hupata shilingi 10,000 mwezi wa kwanza. Wa mwisho husubiri mwezi wa kumi, baada ya kuwakopesha wenzake bila ya faida. Je, fidia yake ya haki ni ngapi? Na aliyepokea kwanza akiacha kuchanga, hasara hiyo igawanywe vipi? Anayeweza kuuliza hivyo na kuanza kujibu kwa hesabu ameshaonyesha kwamba ni mhandisi wa fedha mtarajiwa.

Wapo wazazi wa Pwani watakaouliza kuhusu riba na kamari. Swali hilo ni la haki, na lina uzito. Mnamo 1998 kampuni ya Long-Term Capital Management, ambayo Scholes na Merton walikuwa miongoni mwa washirika wake, ilipoteza zaidi ya dola bilioni 4, benki zikalazimika kuiokoa. Lakini elimu ile ile ndiyo inayohitajika kuunda mikataba isiyo na riba, kama sukuk ya kwanza ya Kenya, ya ujenzi wa nyumba, iliyozinduliwa mwaka 2023. Nani ataiunda mikataba hiyo iwapo watoto wetu hawatakwenda kusoma?

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Methali hii haifui dafu mbele ya kamati iliyo maili elfu nyingi kutoka hapa, isiyomjua mwanafunzi wala mtaa wake. Kwa kamati hiyo, kijana wetu ni zile karatasi chache zilizo mezani. Walimu wenzangu, tuzijaze.