Neno “noon” na Saa Tisa ya Bwana

Waamini wanaosoma Maandiko Matakatifu kwa Kiingereza hutuuliza mara kwa mara kwa nini tafsiri za zamani za lugha hiyo husema kwamba Bwana wetu alikata roho “saa ya tisa”, ilhali tisa ya Waingereza ni saa tatu yetu. Anayesoma Kiswahili hana taabu hiyo. Saa tisa ni saa tisa alasiri.

Warumi, kama Wayahudi wa nyakati za Kristo na kama sisi, walianza kuhesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza. Saa ya sita ilikuwa adhuhuri. Ya tisa, kwa Kilatini hora nona, au nona tu, ilikuwa saa ya sala: Petro na Yohane walipanda hekaluni wakati huo (Mdo 3:1). Kanisa likaiita Nona sala ya saa hiyo, na kutoka Nona Kiingereza kikapata “noon”.

Hata hivyo, “noon” ya leo ni saa sita mchana. Saa tatu zimepotelea wapi? Maelezo yanayokubaliwa na wengi yanahusu njaa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, iliwaagiza wamonaki kula mara moja tu siku za mfungo, saa ya tisa. Wakati wa Kwaresima walingoja hadi jioni. Katika karne ya 13 Mtakatifu Thoma wa Akwino bado alifundisha kwamba saa ya tisa ndiyo ya mlo wa mfungaji. Lakini tumbo halina kanuni. Taratibu Nona ikasaliwa mapema zaidi, mlo ukaifuata, na jina likahama pamoja navyo hadi adhuhuri. (Tusiwacheke: Benedikto mwenyewe aliruhusu Nona ya kiangazi isaliwe katikati ya saa ya nane, ili watu warudi kazini.)

Wahispania waliichukua saa ya sita, sexta, wakapata siesta, usingizi wa mchana. Nasi tuna adhuhuri na alasiri, majina ya sala yaliyotoka Kiarabu.

Basi tunapokusanyika Ijumaa Kuu saa tisa, twaitaja saa ile kwa hesabu ileile ya Wainjili Mathayo, Marko na Luka. Mwingereza hana budi kwanza kupiga hesabu.