Kwa Nini Bei ya Hamri Haipandi

Baada ya sala ya alfajiri, katika mitaa mingi ya Mombasa, makarai huwa yameshatiwa mafuta na harufu ya iliki imeshafika barazani. Mama anayeuza mahamri hupata riziki yake hapo, kabla watoto hawajaenda skuli. Ni biashara ya heshima, na imesomesha wengi. Lakini ina fumbo lake: unga hupanda, sukari ikapanda, nazi ikaadimika, na bei ya hamri ikabaki pale pale.

Sababu ni kuwa mama huyu amesimama baina ya masoko mawili yasiyofanana. Anapouza, wenziwe ni wengi. Tuseme hamri moja ni shilingi 10. Akiuza 12 peke yake, mteja atavuka njia aende kwa jirani. Hilo ndilo soko la ushindani: hakuna mmoja awezaye kupanga bei, kila muuzaji huipokea tu kama alivyoikuta.

Anaponunua, mambo ni kinyume. Ngano nyingi itumiwayo Kenya huagizwa kutoka ng'ambo, na viwanda vikubwa vya kuisaga havihesabiki kwa mamia. Wauzaji wakiwa wachache, kila mmoja humtazama mwenziwe kabla ya kubadili bei, na wanaweza kupandisha karibu pamoja bila ya kuagana. Kuagana ni kosa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010; kutazamana si kosa.

Basi gharama humpanda, naye hana wa kumpandishia. Wengi hupunguza donge badala ya kuongeza bei. Binafsi siupendi ujanja huo, na watoto ndio wa kwanza kuugundua!

Penye nafasi ni ladha. Ambaye tui lake ni zito na hamri lake hufura likawa wazi ndani, hauzi tena kitu kimoja na jirani. Mteja humwongezea shilingi mbili bila kunung'unika. Akidai tano, atamkimbia.

Nafasi nyengine iko kwenye ununuzi. Anayenunua pakiti mbili za unga dukani huambiwa bei akalipa. Akina mama sita wa mtaa mmoja wakichanga wakanunua magunia kwa muuzaji wa jumla, huwa ni mteja mmoja mkubwa, na hapo bei huzungumzwa.