Juhani na Ukoo Wake

Mfini akikutajia jina Juhani, utasikia Yuhani, kwa kuwa j ya Kifini husomwa kama y yetu. Hapo undugu wake na Yohana hujitokeza wenyewe. Mbatizaji aliyelipa jina hilo umaarufu ndiye Nabii Yahya wa Waislamu, mwana wa Zakaria.

Chimbuko ni Kiebrania: Yohanan, yaani Mungu amefadhili. Wagiriki wakasema Ioannes, Kilatini cha kanisa kikasema Johannes, na mapadri wakalifikisha Uswidi, iliyoitawala Ufini kwa karne nyingi hadi 1809. Kifini hakina nasaba na lugha yoyote kati ya hizo. Jamaa zake ni Kiestonia na, kwa mbali, Kihungari. Kwa hiyo jina hili liliingia kama mgeni.

Mgeni huyo alipokewa kwa sikio. Waswidi hutamka o ya Johan karibu sana na u, na Wafini wakaishika hivyo hivyo. Mwishoni wakaweka irabu, kama sisi tulivyofanya kwa benki na basi. Kisha wanakijiji wakalikatakata. Waliobaki na kichwa wakapata Juha, Juho, Jukka na Jussi. Waliobaki na mkia wa Johannes wakapata Hannes na Hannu. Mashariki, kwa Waorthodoksi wa Karelia, jina lilipita njia nyingine kabisa: Ivan wa Warusi akawa Iivana. Kwangu mimi huu ndio uthibitisho mzuri kuliko wote kwamba jina hufuata kanisa na mtawala kabla ya kufuata damu.

Maandishi yalichelewa kukubali maumbo hayo ya Kifini. Hadi karne ya 19 vitabu vya kanisa viliandikwa zaidi kwa Kiswidi, hivyo mkulima aliyeitwa Juho nyumbani aliandikwa Johan. Mwamko wa taifa ndio uliolitoa jina la Kifini hadharani. Aleksis Kivi alimwita Juhani kaka mkubwa katika riwaya yake ya ndugu saba, iliyotoka 1870, na mwandishi aliyezaliwa 1861 kama Johannes Brofeldt akajulikana kwa jina la Juhani Aho.

Basi ukifuatilia ukoo wa Kifini ukamkuta Johan katika daftari la karne ya 18, usimhesabu kuwa Mswidi kwa jina hilo tu. Tazama kwanza kijiji chake na lugha iliyozungumzwa huko.